Viumbe Waliosalia Mikononi mwa Watu

Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya machifu, walimu na wakulima wa Ruanda, Mbozi



Kazi yangu ni ya ukarani. Kila siku naandika majina katika daftari: fulani amezaliwa, fulani amekufa, fulani amehama, fulani amelipa. Katika daftari la namna hiyo mtu yuko au hayuko. Hapana hali ya tatu. Lakini wataalamu wa dunia wanaochunguza hali ya wanyama na mimea wanalo daftari lao, liitwalo Orodha Nyekundu, na ndani yake mna safu moja ambayo sisi makarani wengine hatunayo. Safu hiyo ni ya viumbe ambao hawajafa wote, wala hawapo tena kwao. Wamo katika vizimba, katika matangi, na katika bustani za watu tu. Porini, mtoni, msituni, mahali pale walipowekwa tangu mwanzo, hapana hata mmoja.

Habari za safu hiyo ndizo ninazotaka kuwaeleza leo. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya mbali, yanatuhusu nini sisi wenye mahindi na kahawa?" Basi na tuanze na kiumbe mmoja wa nchi yetu wenyewe. Mtu akipanda gari la moshi la TAZARA pale Tunduma au Vwawa, akashika njia ya Dar es Salaam, atapita Mbeya na Makambako, kisha atateremka milimani hata Mlimba, lilipo bonde la Kilombero. Kutoka hapo, milima ya Uzungwa itakuwa upande wake wa kushoto. Katika milima hiyo umo mto uitwao Kihansi, unaotoka nyanda za juu za Mufindi na kuanguka kwa maporomoko makali mpaka bondeni. Zamani maji yale yalipogonga miamba yalitoa manyunyu mchana na usiku, kiangazi na masika, na majani ya kando yake hayakukauka hata siku moja katika mwaka.

Katika manyunyu hayo aliishi chura mdogo sana. Dume lake lina urefu usiofika sentimita 2, na jike halifiki 3. Aweza kukaa juu ya sarafu na nafasi ikabaki. Rangi yake ni ya manjano, na ngozi yake ni nyembamba hata mtu akimtazama jike mwenye mimba huweza kuwaona watoto ndani ya tumbo. Nasema watoto, wala sikukosea, kwa maana chura huyu hatagi mayai majini kama vyura tuwajuao. Huzaa watoto walio vyura kamili, kila mmoja kama milimita 5, wala hawapitii hali ya kiluwiluwi. Ukoo wake wote ni wa Tanzania tu, haupatikani katika nchi nyingine yo yote, na ndugu yake mmoja wakaa katika milima ya upande wa Rungwe, jirani zetu.

Jambo la ajabu zaidi ni udogo wa nchi yake. Mahali pote alipokaa chura wa Kihansi, kwa hesabu ya wapimaji, palikuwa yapata hekta 2, yaani ekari tano hivi. Wengi wenu mliokaa hapa mna mashamba makubwa kuliko hayo. Katika ekari hizo chache waliishi vyura kwa maelfu, na nje ya ekari hizo, katika dunia nzima, hakuwako hata mmoja.

Basi sikilizeni yaliyotukia. Nchi yetu ilihitaji umeme. Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia na nchi za Ulaya, ilikata shauri kujenga bwawa juu ya maporomoko ya Kihansi, ili maji yapitishwe katika njia iliyochimbwa ndani ya mlima na kuangukia mitambo iliyo chini ya ardhi, tofauti ya kimo ikiwa yapata mita 850. Kazi hiyo ilifanywa kwa ustadi mkubwa, na mitambo mitatu ya Kihansi yaweza kutoa megawati 180. Lakini chura yule hakuna aliyemjua. Wataalamu walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, ujenzi ulipokuwa umekwisha kuanza, na jina lake la kitaalamu lilitangazwa miaka mitatu tu baadaye. Miongoni mwa waliompa jina hilo alikuwamo Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina lenyewe, Nectophrynoides asperginis, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu. Ni kama mtoto aliyeandikwa katika daftari la vizazi siku ile ile nyumba yake inapobomolewa.

Mitambo ilipoanza kufanya kazi, maji yaliyoachwa yapite katika maporomoko yalipungua yapata sehemu tisa katika kumi. Manyunyu yakafa. Majani yakaanza kukauka, na magugu ya nchi kavu yakaingia. Vyura wakapungua upesi. Hapo wataalamu walifanya mambo mawili. La kwanza, mwishoni mwa mwaka 2000 walikamata vyura 499 wakawapeleka kwa ndege mpaka New York, Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, kwa mapatano kwamba vyura hao ni mali ya Tanzania. La pili, walitandaza mabomba katika korongo la Kihansi, yenye vinyunyizio vidogo vya kutoa rasharasha mfano wa yale manyunyu ya zamani.

Mabomba yale yalisaidia. Vyura wakaongezeka tena, hata katikati ya mwaka 2003 walihesabiwa kuwa wapata 20,000, na watu wakaona furaha. Kisha, katika miezi michache tu, wakatoweka. Januari 2004 walionekana wachache wa kuhesabika kwa vidole, na baada ya hapo hakikupatikana tena kizazi cho chote cha porini. Walipochunguza mizoga, wataalamu walikuta kuvu, yaani ugonjwa wa namna ya ukungu unaoshika ngozi ya vyura, ambao umeua vyura wa aina nyingi katika Amerika na Australia pia. Tena walitaja mambo mengine mawili yaliyotukia wakati ule ule: vinyunyizio vilisimama kwa muda, na milango ya bwawa ilifunguliwa kusafisha matope, na katika matope hayo mlikuwamo dawa za mashambani zilizoteremka kutoka juu. Mgonjwa aliyekwisha dhoofu hauawi na jambo moja. Mwaka 2009 jina la chura wa Kihansi likaandikwa katika ile safu niliyowaambia: yupo kwa kufugwa tu.

Sasa na tutazame maisha yake ya uhamishoni, maana hapo pana mafundisho mengi. Mtu aweza kudhani kwamba mnyama akiisha kuwekwa katika nyumba ya vioo, akapewa chakula na kulindwa na adui, kazi imekwisha. Haikuwa hivyo hata kidogo. Wale vyura 499 walipofika Marekani waligawanywa katika bustani kadhaa, na karibu wote wakafa. Wengine waliuawa na minyoo ya mapafu, wengine na upungufu wa vyakula, wengine na maradhi yasiyojulikana upesi. Ilipofika mwaka 2004, waliosalia katika dunia nzima hawakufika hata 100, nao walikuwa katika bustani mbili tu, Bronx na Toledo katika jimbo la Ohio. Fikirini jambo hilo: kiumbe kizima cha nchi yetu kimesalia katika masanduku machache ya vioo, ng'ambo ya bahari, mikononi mwa watunzaji wachache, na mmoja wao akisahau kufungua maji Jumapili moja, basi mambo yamekwisha.

Watunzaji wale walijifunza polepole. Waligundua kwamba maji ya kunyunyiza lazima yachujwe sana. Waligundua kwamba taa za kawaida hazitoshi, lazima ziwe taa za namna ya jua, la sivyo mifupa hulegea. Waligundua kwamba chura mdogo namna ile hawezi kula chakula cha namna moja. Ilibidi wafuge na wadudu wake pia, nzi wadogo wa matunda, nyenje wachanga, na vidudu vingine visivyoonekana vema kwa macho. Yaani ili kumfuga chura mmoja, ilibidi kufuga nusu ya korongo. Mambo ambayo mto wa Kihansi uliyafanya bure, bila karani wala mshahara, kwa maelfu ya miaka, watu waliyafanya kwa fedha nyingi na usiku wa kukesha. Lakini walifaulu. Vyura wakazaa, wakawa mamia, kisha maelfu. Watanzania nao wakaenda kule kujifunza kazi ya kuwatunza.

Mwezi Agosti 2010 vyura 100 walirudi nyumbani kwa ndege, wakawekwa katika nyumba maalum Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengine walifuata. Wataalamu hawakuwa na haraka ya kuwatupa korongoni. Kwanza waliwaweka pamoja na udongo, majani na wadudu waliotoka Kihansi, ili waone kama wataugua. Kisha waliwaweka korongoni kwenyewe ndani ya vizimba vya wavu. Ndipo mwaka 2012 vyura wapatao 2,000 walipoachiliwa huru chini ya manyunyu ya mabomba. Yahesabiwa kuwa ni mara ya kwanza kabisa chura wa aina iliyokwisha tangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Hata hivyo, kuvu lile bado limo korongoni, na kurudishwa hakukutosha kufuta jina lake katika ile safu mara moja. Kumtoa nyumbani kulichukua siku chache. Kumrudisha ni kazi ya miaka mingi, na kila mara imebidi kuongezewa wengine.

Hapa najua mzee mmoja ataniuliza swali, nalo ni swali la haki: "Karani, wewe wataka tuseme kwamba chura ni bora kuliko umeme? Hospitali ikae gizani kwa ajili ya chura?" La, sisemi hivyo. Mitambo ya Kihansi haikubomolewa, wala sikusikia mtu mwenye akili aliyetaka ibomolewe. Mama anayezaa usiku anahitaji taa, na mashine ya kusaga ya kijijini yahitaji nguvu. Wala waliojenga bwawa hawakuwa watu wabaya, hawakumjua chura. Shida iko hapo hapo. Uchunguzi ulifanywa nyuma ya jembe badala ya mbele yake. Kama korongo lile lingalitazamwa vema miaka kumi kabla, yaelekea bwawa lingalipimwa kwa namna ya kuacha maji ya kutosha tangu siku ya kwanza, na gharama yake ingalikuwa ndogo kuliko gharama ya mabomba, ndege, nyumba za vioo na wataalamu wa mabara mawili. Na mwisho wake ulikuwa nini? Ni kwamba sehemu ya maji iliachwa ipite mtoni, umeme ukapungua kidogo, na nchi haikuingia gizani kwa sababu hiyo. Yale yaliyowezekana mwisho yangaliwezekana mwanzo. Wazee wamenena kweli: mtaka yote hukosa yote.

Tena msidhani kwamba mambo hayo hupata vyura tu, kwa kuwa ni wadogo na hawaonekani. Jirani zetu wa Kenya wanao ushahidi mkubwa kama nyumba. Yuko faru aitwaye faru mweupe wa kaskazini, ambaye zamani alikaa Uganda, Sudan, Kongo na nchi za karibu nazo. Pembe yake ikamponza. Kundi la mwisho la porini lilikuwa katika mbuga ya Garamba, Kongo, na tangu miaka ya 2006 hadi 2008 halikuonekana tena. Desemba 2009 faru wanne wa mwisho wenye tumaini la kuzaa waliletwa kutoka bustani moja ya wanyama katika nchi ya Wacheki mpaka Ol Pejeta, karibu na mlima Kenya. Majina yao Sudan, Suni, Najin na Fatu. Walidhani hewa ya Afrika na nyasi za Afrika zitawafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, dume la mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na umri wa miaka 45. Wakabaki wawili tu, Najin na binti yake Fatu, majike yote mawili, wakilindwa mchana na usiku na askari wenye bunduki.

Wataalamu wamechukua mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokufa, zilizowekwa katika baridi kali, wakafanya mimba katika vyombo vya kioo, ili zipandikizwe katika majike ya faru weupe wa kusini. Ni kazi ya akili nyingi, na twawaombea wafaulu. Lakini angalieni tofauti. Chura wa Kihansi alichukuliwa walipokuwa bado maelfu, kwa hiyo walipatikana wa kufa na wa kubaki. Faru alikumbukwa walipokuwa wachache mno. Mkulima asiyeweka mbegu mpaka siku ya kula gunzi la mwisho atapanda nini?

Nako Uarabuni, katika nchi ya Omani ambako wenzetu wengi wasemao Kiswahili wanakaa, pana hadithi ya namna ya tatu. Huko kuna choroa mweupe, mnyama mwenye pembe ndefu zilizonyoka. Watu walimwinda kwa magari na bunduki jangwani, hata wa mwisho wa porini akauawa mwaka 1972. Kwa bahati, miaka kumi kabla, wachache walikuwa wamekwisha kukamatwa na kupelekwa bustani ya Phoenix, Marekani, wakazaana huko. Mwaka 1982 waliachiliwa tena katika jangwa la Omani, na Waharasisi, wafugaji wa jangwa lile, wakapewa kazi ya kuwa walinzi wao. Jambo hilo lilikwenda vema sana. Ilipofika mwaka 1996 walikuwa wapata 450. Ndipo wakaja wezi, wakawakamata majike hai ili wawauze kwa matajiri, na hesabu ikaanguka hata 65 tu. Serikali nayo ikapunguza eneo lao kwa sehemu tisa katika kumi ili watafute mafuta ya petroli. Mwaka 2007 mahali hapo pakafutwa katika orodha ya urithi wa dunia, papo pa kwanza kabisa kufutwa. Lakini kwa kuwa katika nchi nyingine za Uarabuni nako walirudishwa na kutunzwa, aina yenyewe haikupotea. Na mwaka 2011 ilikuwa ya kwanza kutoka katika ile safu ya kufugwa tu mpaka kufika daraja ya nafuu zaidi.

Na katika Ziwa Viktoria letu, furu, wale samaki wadogo wenye rangi nyingi, wamepotea kwa aina nyingi sana tangu sangara alipotiwa ziwani katika miaka ya 1950 na maji yalipoanza kuchafuka. Aina kadhaa zao leo huogelea katika matangi ya Ulaya na Marekani. Sisemi sangara hakuleta fedha. Ameleta, na watu wamejenga nyumba kwa ajili yake. Nasema hesabu yake haikuandikwa yote katika daftari.

Sasa nifafanue maana ya habari zote hizi kwa mfano tunaoujua sote. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kutundika magunzi bora ya mahindi na masuke ya ulezi darini juu ya moto, ili moshi uyalinde na wadudu mpaka msimu wa kupanda. Mbegu ile ya darini ni kitu cha thamani. Nyumba isiyo nayo ni nyumba ya mashaka. Lakini hakuna mtu aitazamaye mbegu ya darini akasema, "Nimevuna." Mbegu hungoja shamba. Shamba likiwa limemomonyoka, maji yakiwa yamekauka, na mwizi akingoja mpakani, mbegu itakaa darini mpaka ioze. Bustani za wanyama na nyumba za vioo ni dari la dunia. Yatupasa kuwashukuru wanaotunza dari hilo, lakini shamba ni letu sisi. Hapana mtu wa Toledo awezaye kutunza korongo la Uzungwa, wala mtu wa Dar es Salaam hawezi kutunza chemchemi ya Ruanda.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache, kila mtu kwa daraja yake.

Kwenu Machifu na wazee: ninyi ndio mnaojua majina. Chemchemi fulani ilikuwa na miti gani, mto fulani ulikuwa na samaki gani, ndege gani alitangaza mvua akanyamaza siku hizi. Mipaka ya vichaka vya heshima mlivyorithi kwa babu zenu ilihifadhi vitu vingi kuliko watu wanavyodhani. Basi, kabla hamjatoa ruhusa ya kulima penye chemchemi au kukata kichaka cha mwisho cha kilima, tumeni watu wakatazame nini kimo ndani. Waende kabla ya jembe, wala si baada yake. Kiumbe asiyejulikana hana wa kumtetea barazani.

Kwenu Walimu: nafikiri hapana somo la maumbile lililo rahisi kuliko hili. Wapeni watoto daftari moja la shule. Kila mwezi waandike vyura, ndege, samaki na miti waliyoiona kijijini, jina la Kinyiha na la Kiswahili, mahali na tarehe. Halihitaji fedha. Daftari hilo likiendelea miaka kumi litakuwa na thamani kubwa, maana siku mtu akiuliza, "Chura huyu alionekana lini mara ya mwisho?", kijiji chenu kitajibu kwa maandishi, wala si kwa kukisia. Hata wale wataalamu wa Kihansi waliweza kujua maangamizi yalianza mwezi gani kwa sababu walikuwa wakihesabu.

Kwenu ndugu wakulima, hasa wenye kahawa: chura hanywi maji kwa kinywa kama ng'ombe, maji humwingia kwa ngozi yake. Kwa hiyo dawa ikitiwa kijitoni, chura huinywa kwa mwili mzima. Yeye ndiye wa kwanza kufa, lakini maji hayo hayo yatateremka hata kwenye mtungi wa mtu. Basi msioshe bomba za kupulizia dawa mtoni, wala msiache makopo yake penye kisima. Acheni ukanda wa nyasi na miti kandokando ya maji. Mnapochepusha maji kwa ajili ya bustani za mabondeni wakati wa kiangazi, acheni sehemu iendelee na safari yake, kwa ajili ya jirani wa chini na kwa ajili ya vile visivyoweza kuja barazani kudai haki. Vivyo hivyo mbegu zenu za zamani za ulezi na maharage: pandeni mistari michache kila mwaka, hata kama mbegu mpya huzaa zaidi. Mbegu inayopandwa i hai. Mbegu iliyomo katika ghala la watu wa mbali ni ya kuombwa.

Mtu mmoja aliniambia hivi majuzi kwamba viumbe hutoweka tangu zamani, na dunia haijaanguka. Ni kweli, dunia haikuanguka chura wa Kihansi alipotoweka korongoni. Lakini ekari tano zile zilizokuwa na uhai tele sasa huendeshwa kwa mabomba, na bomba likiziba mtu lazima apande kuzibua. Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Mahali pale hapawezi tena kujitunza. Kila kitu tunachokiharibu ambacho kilikuwa kikijitunza chenyewe, tunajitwika kazi mpya isiyo na mwisho, sisi na watoto wetu. Nani katika ninyi atakaye kijito cha Ruanda kiwe cha mabomba, na mvua iwe ya kununua?

Waheshimiwa, katika daftari la karani jina likiandikwa katika safu ya vifo halirudi. Safu ile ya tatu niliyowaeleza ni neema, maana ni safu ya pekee ambayo mtu aweza kutoka akarudi kwa walio hai. Choroa ametoka. Chura wa Kihansi ameanza kurudi, akishikwa mkono. Faru mweupe wa kaskazini yu mlangoni, na hatujui mlango utafunguka upande gani. Lakini iliyo bora kuliko zote ni kutoingia katika safu hiyo hata mara moja, na kazi hiyo haihitaji ndege wala nyumba za vioo. Yahitaji macho, daftari, na kiasi.

Wenye maswali wayalete sasa, nami nitajibu niwezayo. Na mwalimu atakayeanza daftari la shule yake, nitafurahi kumpigia mistari ya kurasa za kwanza kwa mkono wangu mwenyewe.